Mjomba Kichuguuni

Niliolewa katikati ya masika, na lawama zote apewe mume wangu. Huku kwetu mtu mwenye akili zake haoi masika. Anangoja korosho ziuzwe, barabara zikauke, wageni waje na viatu miguuni badala ya mkononi. Lakini mwenzangu alikuwa karani wa bandari pale Mtwara, mtu wa Tanga, na ghafla akaambiwa anahamishiwa Mwanza. Akienda bila mimi, hajui atapata lini ruhusa ya kurudi. Mimi nilikuwa nimeshamngoja vya kutosha, na kwa wenzangu jikoni nilikuwa sioni haya kulisema hilo.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mjini, na wanaume wa Magomeni, mtaani kwetu, walizifunga kiunoni hata wakienda kuoga. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado inazungumzwa zaidi kuliko inavyowaka, na umeme ulikuwa wa majaliwa. Kwa hiyo tulipanga harusi yetu kwa jenereta, kwa maombi na kwa mikono ya majirani. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mama alipofungua mdomo.

"Kaka asipomuuliza huyu mtoto," alisema, "harusi hakuna. Pilau mtakula, lakini itakuwa pilau ya Jumamosi tu."

Niwaeleze wasiotujua. Kwa watu wa upande wa mama, mwali haozwi mpaka mjomba wake, kaka wa mama, aingie chumbani na kumuuliza mbele ya wanawake: unamtaka huyu? Anauliza mara tatu. Mwali kajifunika khanga gubigubi, haongei, maana anayeongea hana adabu. Baada ya mara ya tatu mjomba anatoka nje na kusema, "Amekubali." Hapo ndipo baba na shehe wanaendelea na mambo yao. Dini ilimpa baba usemi, lakini mila ilimpa mjomba ufunguo wa mlango. Baba yangu, seremala mpole aliyekaa na watu hawa miaka mingi, alisikia tamko la mama, akachukua randa yake akaenda kuparaza ubao usiohitaji kuparazwa.

Tatizo ni kwamba mjomba alikuwa Kitaya, kijiji cha mama, kule ukingoni mwa Ruvuma. Mto ulikuwa umefura na kuingia mashambani, barabara imegeuka uji, magari hayapiti. Kwa miguu ndiyo kabisa, maana goti lake lilikuwa limeshagoma tangu mwaka uliotangulia. Mama aliyajua yote hayo. Nilimwambia mila inaweza kusamehe mara moja, akaniangalia kama niliyemtukana bibi yake. Nililia, nakiri. Nilijiona nabaki Magomeni na nguo zangu za harusi sandukuni, mwenzangu anapanda meli, maana masika barabara ya kutoka kusini haipitiki, na kupungia mkono.

Wazo la simu lilikuwa langu. Pale Kitaya kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, Mkristo kutoka Mbeya, aliyekuwa na simu na aliyekuwa akiichaji kwa betri ya gari. Alishatuletea habari za mjomba kwa njia hiyo mara nyingi. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya mikorosho. Ukishuka hatua mbili, umepotea. Nikasema: mjomba apande kichuguu, aulize kwa simu, na akishauliza abaki hapohapo asikilize ndoa inavyofungwa mpaka mwisho, kama aliyekaa barazani. Mama alifikiri kitambo, akasema mila haikutaja mjomba akae wapi, ilitaja aulize tu. Ndivyo nilivyompata mama.

Kumpata mjomba ilikuwa kazi nyingine.

"Simu ni chombo cha waongo," alisema kupitia simu hiyohiyo. "Ntu yuko kitandani anasema yuko njiani. Leo niozeshe ntoto kwa kitu kama hicho?"

Alibembelezwa wiki nzima. Alikubali baada ya mwalimu kumwambia kwamba hata wakubwa serikalini siku hizi wanaapishana kwa simu, jambo ambalo sidhani lilikuwa kweli, na Mungu amsamehe mwalimu wa watu.

Tukafanya jaribio. Mjomba alipandishwa kichuguuni, tukapiga, na mjomba akaanza kusalimia. Alimsalimia mama, akamuulizia baba, akaulizia shangazi, watoto wa shangazi, jirani aliyeumwa na nge, mbuzi aliyetuletea mwaka juzi. Mbuzi tulikuwa tumeshamla. Tukalazimika kueleza mazingira. Kabla hajafika kwenye swali, vocha ikaisha.

Shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kamati ya harusi, akapitisha sheria: siku yenyewe hakuna salamu. Mjomba aliposikia alikasirika mno. Alisema hajawahi kuanza maneno na watu bila kuwasalimu, kwani yeye ni mwizi? Ikabidi kikao kikae tena. Mwisho tukakubaliana kwamba salamu zitapigiwa simu ya peke yake, asubuhi, na zitahesabiwa zimetosha kwa siku nzima. Mjomba aliuliza kama na za jioni zitakuwa zimo. Tukamhakikishia zimo.

Fundi wa muziki naye alikuwa na masharti yake. Alisema simu ikikaa karibu na spika, spika zitapiga mluzi wa kutoboa masikio. Kwa hiyo simu itakaa chumbani, kwa mwali. Atavuta waya mrefu wa maikrofoni kutoka uani mpaka chumbani, maikrofoni ilazwe kando ya simu juu ya kigoda, na chochote watakachosema watu wa Kitaya kitasikika uani. Ndoa ikianza, simu itasogezwa dirishani, upande wa baraza, ili na wao wasikie. Alieleza haya kwa kuchora mchangani kwa kijiti, na sote tukatikisa vichwa kama tulioelewa. Maikrofoni ingefunguliwa baada ya swali la mjomba, si kabla, maana swali ni la chumbani.

Siku ilipofika mvua ilitupisha. Mwalimu alipiga mapema kutuarifu kwamba kijiji kizima kimekuja kichuguuni. Wamevaa kanzu na khanga mpya, wametandika mikeka, wamepika wali na samaki wa mtoni. Kama mjomba anakwenda harusini, walisema, wao wabaki nyumbani kwa kosa gani? Salamu za asubuhi zilichukua muda wake, nikasalimiwa na watu ambao sijawahi kuwaona maishani.

Nikakalishwa kwenye mkeka, nikafunikwa khanga. Wanawake wakajaa chumbani mpaka hewa ikawa ya kugombania. Shangazi akapiga simu, akabonyeza kitufe cha sauti ya wazi, akaiweka kigodani.

"Haya, kaka," mama akasema. "Mtoto huyu hapa."

Mjomba alikohoa. Sauti yake ilikuja na upepo mwingi. "Mpwa wangu, unantaka huyu bwana?"

Nikanyamaza kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Haloo?" alisema mjomba. Kisha, kwa mbali kidogo, "Mwalimu, imekatika hii."

"Haijakatika, mzee," mwalimu alisikika. "Dakika zinahesabu."

"Mpwa wangu, unantaka huyu bwana?"

Nikanyamaza tena. Chumba kizima kilinyamaza pamoja nami, wanawake wakaitikia kwa vichwa, wakiielekezea simu nyuso za kuridhika. Tulikuwa tumepanga vocha, betri, waya, salamu, mpaka wali wa kichuguuni, na katika vikao vyote vile hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mwali hujibu kwa kunyamaza, na kwamba kwenye simu kunyamaza ni kukatika.

"Haloo? Haloo?"

"Amekubali, shemeji," shangazi akapaza sauti.

"Sijakuuliza wewe, shemeji."

"Amenyamaza, kaka," mama akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

"Nnajua inavyotakiwa," mjomba akajibu, na sasa sauti yake haikuwa ya mchezo. "Lakini mimi nikiuliza nnamwangalia ntoto. Kuna kimya cha haya, na kuna kimya cha kukataa. Nikimwona usoni nnavijua vyote viwili. Hiki cha kwenye simu sikijui. Nitauliza mara ya tatu. Asiposema mwenyewe, mimi nnashuka kichuguuni, na hawa watu wamalize wali wao waende makwao."

Wanawake wakaguna. Shangazi akanishika bega kwa nguvu, akaninong'oneza kwamba mwali hasemi, kwamba nikisema nitaitwa mwali aliyejiozesha mwenyewe, na jina hilo Magomeni halifutiki. Nilijua anasema kweli. Pia niliujua msimamo wa mama: mjomba akishuka, hakuna harusi, na meli haitangoja. Niliinua ukingo wa khanga nikamtazama mama ili aniambie nifanye nini. Hakuniambia. Alikuwa ameikazia simu macho, mikono imeshika magoti, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuielewa.

"Mpwa wangu," mjomba akasema polepole, "unantaka huyu bwana?"

"Namtaka, mjomba," nikasema.

Na kwa sababu niliogopa asinisikie, nilisema kwa sauti. Na kwa sababu fundi wa muziki alikuwa ndiyo kwanza ameifungua maikrofoni kabla ya wakati wake, kwa nia njema ya kuijaribu, maneno yangu yalitoka uani kwa spika mbili kubwa, yakapita barazani kwa wanaume, yakavuka uzio, yakaenda zake mpaka dukani kwa muuza mafuta ya taa. Tuliyasikia yakiturudia kutoka nje. Namtaka, mjomba.

Baraza zima likaangua kicheko. Mume wangu alinisimulia baadaye kwamba aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamdondoka, na shehe akamwambia, "Umesikia, bwana? Usije kesho ukasema ulipewa kwa bahati mbaya." Kutoka Kitaya vigelegele vilifumuka kwenye ile simu ndogo mpaka ikatembea yenyewe juu ya kigoda.

"Amekubali," mjomba akatangaza, na hiyo nayo ikasikika mtaa mzima.

Fundi alikuja mbio dirishani akiomba radhi, akaizima maikrofoni. Wanawake wakatoka kwenda kushika nafasi karibu na baraza, wengine wakiwa bado wanafuta machozi ya kucheka. Nilikuwa naungua kwa aibu. Tulibaki mimi na mama, na simu ikiwa wazi, ikitoa makelele ya wali wa kichuguuni. Nilimwomba mama msamaha kwa kumvunjia adabu.

Alinitengeneza khanga begani, akaivuta upande huu, akaivuta upande ule.

"Mimi niliolewa mara ya kwanza kabla ya baba yako," alisema. Hilo nilikuwa nalijua nusunusu, kama watoto wanavyojua mambo. "Mjomba wetu aliniuliza mara tatu. Nilinyamaza mara tatu. Sikuwa nimekubali. Nilikuwa natafuta neno la kukataa na sikulipata. Kaka yangu alikuwa amekaa mlangoni, aliniona uso, lakini naye alikuwa mdogo, nani angemsikiliza?"

Ndipo nikaelewa kwa nini alikataa niolewe bila kuulizwa, na tena kuulizwa na kaka yake huyuhuyu aliyemwona uso. Niliona uchungu. Nikauliza swali la kijinga.

"Na baba?"

"Baba yako nilimtaka," alisema mama. Akatabasamu, mara moja tu, upande mmoja wa mdomo. "Lakini mwanamke aliyekwishaolewa haulizwi tena. Walipatana wenyewe barazani, nikaletewa habari."

Nje shehe alikuwa anakohoa kuanza. Mama aliinuka, akaichukua simu ili aisogeze dirishani kama tulivyopanga. Alipofika dirishani akasimama. Kutoka pale baba alionekana, amekaa mbele na kanzu yake ya kuazima, anafuta jasho. Mama akaileta simu mdomoni.

"Kaka, bado upo juu?"

"Nipo."

"Na mimi huyu wa pili nilimtaka. Hamkuniuliza."

Makelele ya Kitaya yalikuwa yamepungua. Hatukusikia kitu. Mama akaitoa simu mdomoni, akaitazama, akairudisha.

"Haloo?" alisema. "Kaka?"

"Nipo," mjomba akasema. "Nimekusikia."