Mwanangu Anaamini Nilishindwa na Nepi Zake

Admin, nakuomba unifichie jina, na mtaa ninaokaa sasa usiutaje, maana watu wa kwetu hapa Birmingham tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, Mzanzibari, mjane. Nimezaa mara moja tu maishani mwangu, mtoto wa kike, na mtoto huyo ananiita Anti.

Nilikuja nchi hii mwishoni mwa miaka ya sitini kumfuata mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Washwood Heath. Tulipanga chumba kimoja cha juu, Sparkbrook, nyumba ya wapangaji wengi na choo kiko uani. Mwanangu alizaliwa baridi imeshakaza. Sina mama, sina shangazi wa kunilea uzazi. Aliyenishika mkono ni jirani wa chini, mama wa Kiayalandi, ndiye aliyenifunza kukunja nepi. Nepi za kutupa sisi hatukuwa nazo. Ilikuwa kitambaa cheupe kizito mfano wa taulo, unakikunja pembetatu, unakibana kwa pini kubwa, juu yake unamvisha mtoto chupi ya plastiki. Mara ya kwanza niliweka vidole vyangu baina ya pini na tumbo lake nisije nikamchoma, nikajichoma mwenyewe.

Nikazoea. Nikiziroweka ndooni, nikizichemsha kwenye jiko tunalopokezana, nikizifua kwa mkono mpaka maji yanatoka safi. Kufua nilikuweza, wallahi. Taabu ilikuwa kuzikausha. Nikizianika uani zinaganda, zinakuwa ngumu kama papa mkavu. Nikizitundika chumbani mbele ya hita ya mafuta ya taa, kuta zinatoa jasho, na mtoto akaanza kukohoa.

Hapo ndipo wifi yangu alipokuja, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye na mumewe walikuwa na nyumba yao Great Barr, ina joto, ina bustani nyuma na mashine ya kufulia. Walikuwa na miaka mingi kwenye ndoa na Mungu hajawajaalia mtoto. Alikaa kitandani pangu, akatega sikio kwenye kifua cha mwanangu, akasema nimpe akakae naye mpaka baridi ipite. Nilikataa. Mume wangu akasema kifua cha mtoto si kitu cha kuchezea. Basi nikazikunja nepi zote, hata zilizokuwa bado na unyevunyevu, nikampa pamoja na mtoto.

Kila Jumapili nilipanda basi kwenda kumwona, na kurudi maziwa yananimwagikia nguoni, ndani ya koti, nimekaa na Wazungu nimejikumbatia ili wasione.

Jua liliporudi nikaenda na shali ya kumbebea. Wifi akafungua mlango nusu, akasema mtoto amelala, nije wiki ijayo. Wiki ijayo ana homa. Halafu wamesafiri. Nikamwambia mume wangu twende sote tukamchukue. Aliweka kijiko chini, akanijibu bila kunitazama:

"Dada yangu hana mtoto. Wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Sikuzaa mwingine.

Msidhani nilikaa kimya. Nililia mlangoni kwa wifi mpaka mumewe akanirudisha kwangu kwa gari. Wazee wa jamaa zetu waliitwa, wakanambia mtoto hakutupwa, yuko kwa shangazi yake, nina nini cha kulalamikia? Kiingereza sikijui, ndugu sina. Nikabaki kuwa mgeni wa mwanangu. Akafunzwa kumwita baba yake mjomba, na mimi mkaza mjomba. Kwa ulimi wake wa Kizungu ikawa Anti. Alipopevuka akaambiwa kuwa mimi ndiye niliyemzaa. Nikajua ameambiwa. Alivyoambiwa ndivyo nisivyojua, mpaka mwaka huu.

Mume wangu ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka huu mjukuu wangu kajifungua, akasema nepi za kutupa hazitaki, mwanawe atamvisha za kitambaa. Tulikuwa kwake, wanawake tu, wifi yangu naye yupo, kichanga amelazwa juu ya mto na mama yake anahangaika kukunja. Nikanyoosha mkono nimwoneshe. Mwanangu akacheka kidogo.

"Usimsumbue Anti," alisema. "Nepi ndizo zilizomshinda mpaka akanipeleka kwa mama."

Kisha akanishika bega, kwa upole kabisa. "Mimi sikulaumu, Anti. Ulikuwa msichana mdogo."

Angelinitukana ningelistahimili. Kunisamehe kwa kosa nisilolitenda ndiko kulikonimaliza. Nilimtazama wifi yangu kwenye kiti chake. Amepita miaka themanini lakini akili yake timamu. Aliinamisha kichwa. Nilipokuwa navaa koti ukumbini akanifuata na mkongojo wake, akanikamata mkono.

"Wifi yangu, nisitiri," akanambia. "Siku zangu zimebaki chache, na huyu ndiye niliyenaye."

Na mimi nina nani? Nilitoka nje koti halijafungwa, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti.

Mwanangu ndiye anayemwogesha wifi, ndiye anayempeleka hospitali, na anampenda. Nikisema ukweli, nitamvunjia imani yake kwa mama aliyemlea, na huenda akamuuguza kwa chuki, au akaniona mimi mchonganishi. Nikinyamaza, nitazikwa na mwanangu amesimama pale akiamini kwamba mama yake hakumtaka.

Nishaurini, wanangu, na zaidi nyinyi mliolelewa na wasiokuzaeni. Mngelipenda kuambiwa, hata kwa kuchelewa hivi? Au nimsitiri wifi yangu, na mimi asinisitiri mtu?