Kilio Tulichokipeleka Kwenye Mahari

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na wewe uliyeanza kucheka kabla sijasema neno funga mdomo, maana aibu ni yangu na nitaisimulia mwenyewe. Siku moja hapa Buhongwa niliwaongoza wamama ishirini na wawili kwenda msibani, tukalia kwa nguvu zetu zote, tukalia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusaidiana kwenye misiba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kupanga watu najua. Msibani nani anasonga ugali, nani anapakua, nani anasugua masufuria, nasema mimi. Kupakua ni heshima, anayepakua ndiye anayejua nyama iko wapi. Masufuria nampa aliyenibishia. Kuna mmoja aliwahi kunisahihisha mbele ya kikao (na alikuwa sahihi, leo nakiri), akasugua misiba mitatu mfululizo. Baada ya hapo hakuna aliyenisahihisha tena, nami nikadhani kumbe sikosei.

Siku hiyo mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mume, mtaa wa juu. Tulitoka saa nne asubuhi, khanga zimefungwa kiunoni, tukafika njia panda kwenye mashine ya kusaga. Mkwe wangu Neema, mke wa mwanangu mkubwa (aliyekulia mtaa uleule kabla hajaja kwangu), akanisogelea.

“Mama, samahani, naona kama ni kule...”

“Unaona kama nini? Mwenyekiti ni nani?”

“Ni wewe, mama.”

“Basi fuata.”

Nikakata kushoto. Uamuzi mdogo tu. Mbele nikaona turubai, viti vya plastiki, wazee wamekaa kimya na makoti yao, moshi unatoka nyuma ya nyumba. Sasa niambieni, nyie mngesema ni nini? Kwetu anayeanza kilio mkiingia ni kiongozi, wengine wanapokea. Nikaweka mikono kichwani, nikapaza, “Uuuwi, umetuacha na nani!” na wale ishirini na wawili wakapokea, nami (sikuwa na haja, ila nilitaka waone kilio cha mwenyekiti kilivyo) nikajitupa chini nikagaragara mpaka miguuni kwa mzee mmoja mwenye kofia ya pama.

Mzee akavuta miguu yake. “Nani amekufa?”

Nikainua macho nikaona kreti za soda zimefungwa utepe mwekundu. Ilikuwa siku ya mahari. Wazee wale walitoka Magu na ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kutaja ng'ombe. Mlango ukafunguka, binti mwenyewe akatoka mbio na gauni lake jipya, analia, “Ni bibi? Semeni jamani, bibi amekufa?” Mama yake akakaa chini palepale mlangoni. Na wamama wangu, Mungu anawaona, wanaendelea kulia kwa sababu sijawaambia waache.

Nikawaambia waache.

Mzee wa kofia akasimama. “Tumekuja kuomba mke, tumepokewa na kilio. Hii ni dalili mbaya. Jamani, kusanyeni vitu, tunaondoka.”

Binti aliposikia hivyo akanitazama. Nimezeeka, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. “Mzee wangu, hakuna dalili hapa. Kuna mwanamke mbishi amepotea njia, basi. Huyu mkwe wangu alitaka kuniambia, nikamzima.”

Akamgeukia Neema. “Ulijua?”

“Nilijua, baba.”

“Na nyie wengine?”

Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, nikahesabu kumi na minne. (Kumi na minne, jamani!)

“Sasa mlikuwa mnalia nini?”

Neema akanitazama, akatazama chini, akasema taratibu, “Bora kumlilia mtu asiyekufa, baba, kuliko kusugua masufuria ya huyu mama.”

Mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, wenzake wakadakia, na yeye akarudi kukaa. “Mama wa binti,” akasema, “kwa majirani wa namna hii, mkwe wako hatakosa cha kucheka. Tuendelee na ng'ombe.” Binti aliolewa. Tukikutana ananiamkia vizuri, ingawa mdomo kaufunika kwa khanga.

Tukaenda kwenye msiba wetu tumechelewa, sauti zimekauka. Njiani nilikuwa nawaza. Kwamba watu wananiogopa nilijua, na nilipenda, msinidanganye kwamba nyie hampendi. Nilichokuwa sijui ni kwamba anayekuogopa atakuona unaelekea shimoni, naye atakufuata humohumo akiimba wimbo uliouanzisha wewe.

Jioni, kabla mtu hajagusa tonge, nikawakalisha wote wa nyumbani kwangu. Nikasema, kuanzia leo anayeniona nakosea aseme hapohapo, hata kama kuna wageni, na atakayenyamaza kwa kuniogopa hali ugali wangu.

Wakaitikia wote kwa pamoja, “Ndiyo, mama.”

“Mmeshaanza tena! Kila mmoja ataniambia kosa langu moja, na hakuna kula mpaka tumalize. Neema, anza wewe.”