Chungu Nisichokifunua

Nilikuwa mwalimu wa historia wa miaka ishirini na saba, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja tu: sikuweza kumsikia mtu akisema jambo lisilo sahihi nikanyamaza. Nilimsahihisha kondakta wa basi, nikamsahihisha diwani mkutanoni. Siku moja, kwenye banda la chai pale Kibiti, nilimsahihisha bwana mmoja aliyekuwa akiwaambia wenzake kwamba Warufiji walikula muhogo tangu enzi za Nabii Nuhu. Nilimweleza kwa kirefu, chai yake ikipoa, kwamba muhogo umeletwa na Wareno, na hata miaka mia tano haujafikisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia kijiji cha Mkongo. Akasema, "Haya," akalipa chai yake akaondoka.

Jioni ile ile nikaambiwa kwamba bwana yule ni mjomba wa binti ambaye mshenga wangu alikuwa amepeleka posa kwao siku nne kabla.

Binti mwenyewe alikuwa akifundisha shule ya msingi upande wa pili wa barabara kuu. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo jibu lilikuwa la wajomba, lakini Kibiti nzima ilijua kwamba katika nyumba ile jibu hutoka jikoni, kwa mama. Na mama alikaa kimya. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Mshenga akienda anaambiwa wanafikiri. Nikambana binti anieleze ukweli, naye akanieleza bila kupakapaka.

"Mama hana neno na ukoo wenu," alisema. "Ana neno na mdomo wako."

Niliumia, nisiseme uongo. Nilimpenda yule binti kiasi kwamba nilikuwa nikisahihisha madaftari huku nikimwona yeye. Lakini badala ya kuuchunga mdomo, nikaanzisha maonyesho.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Maduka ya barabarani yalijaa ndoo za plastiki za kila rangi, sufuria zinazong'aa, nguo za mitumba kwa marobota. Wanafunzi wangu walijua bei ya redio ya kaseti lakini hawakuwahi kuona chungu kikifinyangwa, ingawa bibi zao wote walikuwa na vidole vya kazi hiyo. Nikamwendea mkuu wa shule na wazo: siku mbili, uwanjani kwetu, tuwaoneshe watu maisha ya pwani ya miaka mia sita iliyopita. Na wasitazame tu. Kila banda liwe na fundi, na kila anayekuja atie mkono kazini: afinyange, asuke ukili, ashone mbao za mashua kwa kamba badala ya misumari, asage, apike, ale alichopika. Mkuu akalipenda. Akaniachia niandike sheria, na hapo ndipo alipokosea.

Niliandika kurasa tatu. Ndani ya kamba iliyozungushwa uwanjani hapaingii kitu chochote ambacho watu wa pwani wa wakati ule hawakukijua. Hakuna plastiki, hakuna kiberiti, hakuna saa ya mkononi. Jikoni ndiko nilikokaza zaidi: hakuna mahindi, muhogo, nyanya, viazi, karanga, papai wala pilipili, kwa sababu vyote hivyo asili yake ni ng'ambo ya bahari nyingine na vilikuwa bado havijafika. Nikapiga marufuku hata korosho, Kibiti, mahali ambapo ukirusha jiwe linaangukia kwenye mkorosho. Mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: MWALIMU WA HISTORIA ATAKAGUA KILA BANDA NA KILA CHUNGU.

Mpishi tuliyekuwa tumepatana naye alikuwa mama mmoja wa Ikwiriri. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza akaleta habari kwamba anauguza, hawezi kuja. Mkuu akaniambia nisihangaike, atampata mwingine. Sikuuliza ni nani, nilikuwa nikitengeneza sanduku.

Sanduku lilikuwa la mbao, nimeliandika ubavuni kwa chaki: VITU AMBAVYO HAVIJAZALIWA. Asubuhi nikalibeba na kuanza ukaguzi, na kundi la wanafunzi nyuma yangu, na nyuma yao wageni waliokuja kutoka Nyamisati na Mbwera kwa mashua na kisha kwa lori, wakitaka kuona kuna nini. Kila nilipokamata kitu watu walicheka, na kila walipocheka nilizidi kukaza shingo. Nikachukua ndoo ya plastiki kwa wasuka ukili. Nikachukua kiberiti kwa bwana shamba, aliyekuwa amepiga magoti tangu alfajiri akipekecha vijiti viwili bila kupata hata moshi. Kwa fundi wa mashua kutoka Nyamisati, mzee wa watu aliyeleta mbao zake mwenyewe na kuwafundisha vijana sita namna ya kutoboa na kushona, nikakuta kamba ya usumba wa nazi imemwishia na amemalizia kwa uzi wa nailoni.

"Mwalimu," alinisihi, "vimebaki vitundu vinne tu."

Nikaufumua uzi wote mbele ya wanafunzi wake, nikautia sandukuni. Leo nikikumbuka uso wake naona haya.

Aliyenishinda ni bibi mfinyanzi. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, udongo umemfika viwikoni, akiwashika mikono akina mama wa Mbwera na kuwaonesha namna ya kuinua ukingo wa chungu. Machoni alikuwa amevaa miwani.

"Bibi, shikamoo. Miwani hiyo..."

"Imefanyaje?"

"Wakati ule ilikuwa bado, bibi."

Aliniangalia juu ya hiyo miwani. "Na wewe wakati ule ulikuwa upo?"

"Hapana, bibi."

"Basi ingia sandukuni wewe kwanza."

Watu waliangua kicheko mpaka kamba ya uwanja ikatikisika. Nikacheka kidogo kwa adabu, nikamwachia miwani yake, nikageuka kwenda banda la mwisho. Kabla sijafika, yule fundi wa mashua akapaza sauti nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa na raha ya mtu aliyesubiri zamu yake.

"Mwalimu! Jikoni kule kunanukia pilipili!"

Kweli, ilinukia. Harufu ya pilipili iliyopondwa muda huo huo haijifichi, inakuingia puani ukiwa mbali. Nikanyoosha mgongo, nikalishika sanduku vizuri, nikapiga hatua mbili kuelekea banda la mapishi. Ndipo nikamwona aliyekaa kwenye kibao mbele ya mafiga, upawa mkononi, kanga imefungwa kichwani kwa namna niliyoifahamu kwa sababu binti yake hufunga vivyo hivyo. Alikuwa mama. Mama wa lile jibu lisilotoka. Na binti mwenyewe alikuwa pembeni na wanafunzi watano, wakitwanga mtama kwa zamu. Aliponiona na sanduku langu akauacha mchi ukaning'inia hewani.

Nikasimama hapo hapo. Kwetu huyo si mtu wa kumsogelea. Mama wa mke, hata mama wa mke unayemtarajia tu, humpitii karibu, humtazami usoni, huli naye, na jikoni kwake huna kazi hata kidogo. Kufunua chungu chake ni jambo ambalo sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu amelifanya. Na mimi nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba nitafunua.

Nikageuka nikampa mgongo. Nikawa nimewatazama watu wote, wapata mia hivi, na wote wananitazama mimi. Fundi wa mashua alikuwa mbele, amekunja mikono kifuani. Nikimwacha mama apite, basi uzi wa nailoni nimemfumulia mzee wa watu kwa uonevu. Nikimkagua, posa imekufa leo leo, na mzishi ni mimi.

Bibi mfinyanzi akainuka kwenye jamvi lake, na udongo wake mikononi, akaja akasimama katikati yetu. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alikuwa akifurahi bila kificho.

"Bibi," nikamwambia kwa sauti ndogo, "hebu muulize mama kama chunguni mna pilipili."

Mama alikuwa hatua nne nyuma yangu. Alisikia kila neno. Lakini alingoja bibi ageuke amuulize upya, kisha akajibu, naye akimjibu bibi.

"Mwambie mwalimu macho anayo. Sheria inasema anafunua mwenyewe. Na aje afunue."

"Anasema uje ufunue," bibi akaniambia, kana kwamba ametoka safari ya mbali kuniletea habari.

"Mwambie mama siwezi."

"Anasema hawezi."

"Mwulize kwa nini hawezi. Vya wenzangu amevipekua vyote."

Nilisikia kuni zikialika mafigani. Nilijua hasa ninachoulizwa, na nilijua kwamba nikijibu kweli nitakuwa nimejitangaza mkwe mbele ya watu mia, katika nyumba ambayo haijanikubali. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa kijana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani kunyamaza, na haikuwezekana.

"Mwambie," nikasema, "mwambie sifunui chungu cha mkwe wangu."

Ikawa kelele tupu. Akina mama wa Mbwera walipiga vigelegele, wanafunzi wangu wakaruka ruka, mkuu wa shule akaenda kujificha nyuma ya mlingoti wa bendera akicheka. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitazama viatu vyangu. Mama alingoja kelele zitulie.

"Nani kamwambia kuwa mimi ni mkwewe?" alimuuliza bibi. "Jibu mbona sijatoa?"

Nyuma yangu nikasikia mfuniko wa udongo ukiinuliwa, na mvuke ukatoka na ile harufu. Sikugeuka. Bibi ndiye aliyeinama akachungulia, miwani yake ikafunikwa na ukungu, ikabidi aifute kwa upindo wa kanga ndipo atoe habari.

"Mtama, kunde, papa mkavu, tui zito," alitangaza. "Na pilipili. Nyekundu, nyingi, zinaelea kama mitumbwi."

Watu wakaguna. Hapo nilikuwa na maneno tayari ulimini: Wareno, karne, meli, bahari. Niliyasikia yakijipanga. Nikayameza yote.

"Mwambie mama," nilisema, "historia haijui kila kitu kilichopikwa."

Nikaliweka sanduku chini, nikautoa ule uzi wa nailoni, nikampelekea fundi wa mashua kwa mikono miwili na kumwomba radhi mbele ya vijana wake. Aliupokea, akaunusa kama anayehakikisha ni wenyewe, akasema, "Haya, mwanangu, njoo ushike ubao huu." Nikashika ubao. Alinishonesha vitundu vyote vinne, na vidole vikaniuma, na sikumwambia chochote kuhusu namna watu wa kale walivyoshona.

Adhuhuri, baada ya swala, chakula kikapakuliwa. Mafundi na wanafunzi wao walikaa pamoja kwenye mikeka mipya, mingine ikiwa bado ina ncha za ukili zisizokatwa, kuzunguka masinia ya mbao. Bwana shamba alikuwa akiwaonesha watu unga aliousaga yeye kwa jiwe, ambao ulikuwa mchanga mtupu, nao wakimsifu. Nikaona nafasi kwenye sinia la fundi wa mashua. Nilikuwa sijala tangu usiku na nilikuwa mnyonge, kwa sababu mama hakunitazama tena wala kusema neno. Nikavua viatu nikakaa. Sijanawa, bibi mfinyanzi akanisimamia kichwani na bakuli la udongo lililofunikwa kwa kawa.

"Ondoka hapo," alisema.

"Bibi, hata chakula?"

"Ondoka. Umekatazwa kula hapa."

Nikahisi machozi yakinikaribia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikainuka nikashika viatu. Watu wa sinia kila mtu akatazama kipande chake cha papa. Bibi akanisogeza pembeni, akanitia bakuli mkononi.

"Tangu alfajiri kapika bila pilipili hata moja," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kafuata kurasa zako zote, kasomewa na mwanawe mara mbili. Alipoona unavyowapokonya watu vitu vyao ndipo akasema nipeni pilipili, tumwone huyu akifika kwangu."

Sikujua nicheke au nikimbie. "Sasa mbona ananifukuza chakulani?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyerudia darasa.

"Yeye mwenyewe anakula pale," alisema. "Kasema hivi, nikufikishie kama alivyosema: mwambieni mkwe wangu akale kule nyuma ya madarasa, hatuli mkeka mmoja mimi na yeye."

"Kasema 'mkwe wangu'?"

"Kasema, na mjomba wa binti yuko pale pale mkekani, kasikia. Nenda, kinapoa."

Nikaenda nyuma ya madarasa. Palikuwa na rundo la madawati mabovu na kuku wawili. Nikakaa chini peke yangu, mgongo ukutani, na upande wa pili nikasikia watu wote wakila na kucheka, na sauti ya binti yake ikiwamo humo. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile kabla ya hapo. Nikafunua kawa, nikanawa kwa maji ya kata, nikatia tonge la kwanza. Chumvi ilikuwa imezidi. Nilikula mpaka nikaramba bakuli, na sikumwambia mtu.