Kitovu Kwenye Mtaro wa Iroquois

Mimi shule niliishia darasa la pili. Katapila nilijifunza mwenyewe, hapahapa Louisville, Marekani, na sijawahi kumwomba mtu kazi mara mbili.

Siku hiyo tulikuwa tunachimba mtaro wa maji ya mvua katika bustani ya Iroquois. Kwa kuwa bustani ni ya zamani, mama mmoja mzungu, mtaalamu wa mambo ya kale, alisimama pembeni akikagua kila ndoo ya udongo. Akiinua mkono, nasimama. Kigae, nasimama. Kipande cha chupa, nasimama. Wenzangu walifurahia kupumzika. Mimi nilikuwa kama nimekalia siafu.

Mjukuu wangu alipozaliwa tulikuwa tunapanga ghorofani, udongo hakuna. Donc, kwa hiyo, mke wangu alichukua kitovu cha mtoto kilipokauka na kuanguka, akakitia kwenye kikopo, akaenda kukizika chini ya mti bustanini, kama kwetu Kivu tunavyozika uani. Sasa alama za mtaro zilipita palepale. Na mtoto mwenyewe wazazi wamemhamishia Columbus, tena wanasema labda Buffalo. Chake kilichobaki hapa ni hicho tu.

Wakati wa chakula nikampigia mke wangu.

"Ulikizika upande gani?"

"Wa linakotoka jua. Mzee, usiniambie umekikanyaga na lidude lako!"

"Bado. Ila kuna mama wa mambo ya kale anakagua kila ndoo."

"Bado! Wakiweke makumbusho?"

Bon. Nikamweleza yule mama kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakucheka.

"Kitoe kwa koleo, taratibu, nikiona."

Nikakitoa. Akakigeuza kikopo mkononi. "Si cha kale. Ni chako."

"Najua ni changu. Nataka pa kukirudisha."

Akakataa: nje ya mtaro hachimbi mtu, hata shimo la panya.

Bosi akapiga kelele kutoka garini, "Mzee, mvua hiyo! Panda katapila!"

"Sipandi."

Mama yule akatazama mawingu, akanitazama. Akashuka mtaroni, akakwangua ukuta wa upande wa mti kwa mwiko wake, akapekua udongo.

"Hapa hakuna kitu. Weka hapa."

Nikakisukuma katikati ya mizizi, nikashindilia kwa kiganja. Ndipo nikapanda.

Nilipofika nyumbani mke wangu hakunipa hata maji. Akauliza, bomba litakalolazwa mtaroni litakuwa umbali gani nacho? Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema ni karibu mno, kesho anakwenda kuona mwenyewe.

Aende. Nimeshindilia mimi.