Asumini ya Mama na Jua la Matinyani

Enzi zetu kule Matinyani, jua la Februari halikuhitaji kutangazwa redioni. Ulilijua kwa nyayo. Tukitoka shule saa saba kwenda kula nyumbani, tulikimbia kutoka kivuli hadi kivuli, na katikati tuliruka mguu mmoja mmoja kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Viatu vilikuwa vya kanisani. Mabati ya darasa yalilia ta, ta, ta kwa joto, na mwalimu wa hesabu alisinzia akiwa amesimama, chaki mkononi. Lakini jioni ikifika tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, mpaka mama zetu wakachoka kutuita. Wajukuu wangu siku hizi, stima ikipotea feni ikazima, wanajilaza sakafuni wakiniambia wanakufa.

Maji tulichota mtoni, ila mto wenyewe wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba shimo, tukangoja maji yajikusanye pole pole, tukayateka kwa kikombe hadi mtungi ukajaa, kisha tukaubeba mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Kila kikombe kilikuwa na mwenyewe. Cha kwanza ni cha kunywa, kinachofuata ni cha kuchemsha muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, halafu mbuzi. Sisi watoto tulioga uso na miguu, na tulihesabiwa kuwa tumeoga.

Basi ni katika kiangazi kama hicho ambapo Mama alileta nyumbani ua.

Alikuwa ametoka soko la Kitui kuuza ndengu. Akafungua kiondo, na badala ya mahamri tuliyozoea, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa udongo, na ndani yake mche mwembamba kama uzi, wenye majani machache. Asumini. Alipewa na rafiki yake Bi Saumu, mama Mwislamu ambaye watu wake walitoka pwani, aliyekuwa akiuza mahamri karibu na soko. Bi Saumu alikuwa anahamia Mombasa kwa mwanawe, na hii ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Nyanya yetu, mama yake Baba, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, aliuzunguka ule mkebe kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Inaliwa?" akauliza.

"Hapana, mwaitu," Mama akajibu. Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake; kwa Kikamba neno hilo ni "mama yangu".

"Mbuzi wanakula?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

"Inanukia."

Susu alicheka hadi ugoro wake ukamwagika kwenye leso.

Mama aliweka mkebe mbele ya nyumba, mahali ambapo mgeni yeyote angeuona. Bahati mbaya ukuta huo ndio uliopigwa na jua tangu saa sita hadi magharibi. Tukirudi mchana tulikuta asumini imelala kama mlevi, tukaikimbilia na kikombe cha maji. Kesho yake imelala zaidi. Tukazidisha maji. Majani yakaanza kuwa ya manjano, kingo zikakauka kama karatasi iliyokaribia moto, yakadondoka moja baada ya lingine. Kaka yangu Musyoka, aliyejiona daktari wa kila kitu, alisema ina njaa. Akaenda kwenye zizi la mbuzi, akailetea mbolea mbichi kiganja tele. Hapo ndipo ilipougua kweli kweli.

Kiangazi kikazidi kukaza. Lile shimo la mtoni likawa refu mpaka mtu akiingia ndani anaonekana kichwa tu. Asubuhi moja Susu alitoka, akasimama mbele ya Mama, akasema bila kuzunguka:

"Kuanzia leo maji ya hii kitu hakuna. Watoto wanabeba maji na shingo. Si ya kumwagia harufu."

Tulingoja Mama ajibu, maana Mama hakukosa jibu la utani. Alichukua kikombe chake mwenyewe cha maji ya kunywa, akanywa nusu, nusu nyingine akaimimina kwenye mkebe. Kisha akabaki pale amekishika kikombe kitupu, machozi yakimtoka.

"We mwiitu," Susu akasema, yaani binti, sauti imepungua, "unalilia majani?"

Mama akaongea akiwa ameangalia mkebe. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa hospitali mjini. Sisi watoto tuliambiwa ni malaria. Kumbe alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Baba alikuwa kazini mbali, na mvua ya msimu ule ilikuwa imejaza mto, hakuna mtu wa nyumbani aliyeweza kuvuka. Susu alijua habari za mtoto. Yaliyofuata ndiyo hakuwa ameyasikia.

"Sikuweza hata kusimama, mwaitu. Bi Saumu alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wake kitanda cha pili, akanikuta peke yangu. Yeye na mume wake ndio walimzika mtoto wangu. Alimfunga na kitambaa kizuri, akamwekea maua ya asumini. Maua ya mti ambao huu ni kipande chake."

Susu alikuwa ameshabana ugoro wake kati ya vidole, tayari kuvuta, lakini mkono ulibaki hewani, kisha akaurudisha ule ugoro kwenye kikopo. Akausogelea mkebe, akaushika ubavuni, akatoa mkono haraka.

"Ai! Nyinyi mnaipika! Hii si mkebe, hii ni sufuria!"

Tangu hapo kazi ikaanza. Tulikuwa tumesahau kwamba Susu mwenyewe, kwa ajili ya ugoro wake, alilea miche ya tumbaku kila kiangazi nyuma ya nyumba, na haikuwahi kumfia. Alimtuma Musyoka alete mtungi uliopasuka mdomo, mimi nikaleta mchanga wa mtoni. Mkebe ukatiwa ndani ya mtungi, mchanga ukajazwa pande zote, ukaloweshwa. Mbolea ya Musyoka ikakwanguliwa yote kutoka juu ya udongo, mwenyewe akiambiwa kwamba mgonjwa halishwi nyama choma. Juu ya udongo likatandazwa tabaka la maganda makavu ya ndengu. Kisha mtungi ukahamishiwa upande wa mashariki wa ghala, unapopata jua la asubuhi peke yake, na likatundikwa gunia bichi la kuzuia upepo wa moto.

"Sasa sikizeni," Susu akatuambia. "Maji ni asubuhi, kabla ya jua. Kwanza unatia kidole. Ukisikia baridi ndani, wacha. Ukisikia kavu, mpe. Na mchana hata ikilala, msiiguse. Kwani nyinyi mchana hamlali?"

Ule mchanga wa mtungini nao ulitaka kuloweshwa, na hapo ndipo Susu alipotuvunja mbavu. Mtu yeyote aliyetaka kunawa uso bila sabuni alinawia juu ya mtungi. Mboga zikioshwa, maji ni ya mtungi. Mchungaji wetu alipokuja kututembelea, mtu wa heshima na koti lake, Susu alimshika mkono na kumpeleka nyuma ya ghala kunawa. Mchungaji alinawa huku akitutazama mmoja mmoja, akidhani labda hiyo ni desturi mpya ya nyumba hiyo.

Hata hivyo majani yote yalidondoka. Kikabaki kijiti. Mama alianza kupita pale bila kuangalia. Mimi nililia, nikasema imekufa. Susu akainama, akakwaruza kijiti kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa na rangi ya kijani.

"Haijakufa," akasema. "Imenyamaza tu."

Mvua ilipochelewa, tuliendelea na kidole chetu kila asubuhi. Iliponyesha hatimaye, ile harufu ya udongo uliolowa ikaingia hadi vitandani, na siku chache baadaye Musyoka akapiga kelele nyuma ya ghala tukadhani ameona nyoka. Lilikuwa jani. Jani dogo linalong'aa, kisha mengine, kisha mmea ukaanza kupapasa ukitafuta mahali pa kushika. Susu akaufungia kamba ya mkonge mpaka kwenye paa la ghala.

Ulipochanua mara ya kwanza, Mama hakuturuhusu kuchuma. Alichuma yeye, akayafunga maua kwenye leso, akavaa nguo ya kanisani. Alipofika njiani alimkuta Susu amesimama pale, amejifunga kanga safi, fimbo mkononi.

"Unaenda wapi, mwaitu?"

"Kumwona mjukuu wangu," Susu akasema.

Walirudi jioni, wamechoka na vumbi, wakiongea kwa sauti ya chini kama wasichana wa rika moja. Hatukuuliza kitu. Usiku ule tulikula isyo, mahindi na maharagwe, na Susu akampakulia Mama kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mama na Susu wamekwenda sasa. Kipande cha asumini ile kinatambaa kwenye lango langu hapa Kitui. Binti yangu hununua maua kwenye vyungu vya plastiki, yakimfia anatafuta kwenye simu sababu ya kifo, kisha ananunua mengine. Wapita njia nao husimama langoni kwangu jioni, wananusa, wanapiga picha, wanaenda zao. Zamani mtu angeingia, angesalimia nyumba nzima, angekunywa chai, na angeondoka na kipande kwenye mkebe. Mimi bado napika chai ya kutosha wageni.