Fundo la Kiroba Changu

Watu walipofurika Tarime kutafuta dhahabu, mimi nilikuwa mchimbaji mchana na mwandishi jioni. Machimboni kila mtu alifunga kiroba chake cha mawe kwa fundo lake mwenyewe, ili akirudi ajue kama kuna aliyekifungua. Basi alipofika Bomani wakala mmoja aliyejisifu kuwatafutia waandishi wachapishaji, nilimkabidhi mswada wangu ndani ya kiroba, nikakaza fundo. Sikumwamini hata kidogo. Alikuwa mpole mno, na machimboni wapole mno ndio waliotuibia.

Wiki iliyofuata tulikutana hotelini. Akaweka kiroba mezani, akaagiza chai, akaanza kunishauri: sura ya kwanza niifupishe, wahusika wamezidi, mazungumzo niyapunguze. Mimi nilikuwa natazama fundo. Lilikuwa lile lile langu, vumbi la machimbo bado limo kwenye mikunjo yake.

“Na mwisho wake je?” nikamuuliza.

“Ndugu yangu, mwisho umenitoa machozi.”

Nikamsogezea kiroba. “Basi fungua, unionyeshe ukurasa uliokuliza.”

Chai yake ilipoa akiwa bado anahangaika na fundo.