Bafta ya Nyanya

Nyanya yangu aliishi na sanda yake chumba kimoja. Ilikaa chini kabisa ya kasha lake, chini ya leso za sikukuu na buibui jipya, imekunjwa na kutiwa karafuu maiti. Kila mwaka mwezi wa Shaabani aliitoa akaianika uani ipate hewa, kisha akairudisha. Utotoni nilidhani ni pazia. Siku moja nilijifunika nayo nikacheza mzimu, akanichapa kwa ufagio mpaka ufagio ukafumuka.

"Hiyo si nguo ya kuchezea," alisema. "Hiyo ndiyo nguo ambayo hakuna mtu atakayeidai."

Wazee wengi wa Kisauni walikuwa na sanda zao, au walitaka watu waamini kwamba wanazo. Lakini nyanya alikuwa na sababu yake. Babu alifariki kabla sijazaliwa, nyumba haina kitu, na majirani wakachangishana wakampatia bafta, ile nguo nyeupe ya sanda. Walifanya wema, kisha wakautumia kwa miaka. Wanawake wakigombania naye zamu kisimani, wa kwanza kukosa la kusema alimalizia na lile: "Nenda zako, weye uliyemsitiri mumeo kwa nguo za watu." Hata watoto walilijua. Basi nyanya alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, akazishona mpaka macho yakawa mekundu, na kwa kofia hizo akanunua bafta yake. Hakuna kingine alichokitaka duniani. Alitaka kuzikwa bila ya mtu kuweza kusema, mimi ndiye niliyemvika.

Mimi nilirudi kutoka chuo huko Uganda vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto. Nilikuwa na cheti, mashuka mawili meupe niliyoyanunua kule, na ombi la kazi ya ualimu ambalo jibu lake halikuja. Kwa hiyo nilikuwa na wakati mwingi wa kufikiri, na kufikiri kwangu ni maradhi. Ijumaa nilisimama mlangoni pa msikiti na senti mkononi nikipima nani anastahiki. Kipofu ana watoto wanaofanya kazi Kipevu. Kiwete hana mtu, lakini anakunywa tembo la mnazi. Yule mama anaumwa kweli, au anakohoa vizuri tu? Imamu akianza kuswalisha, mimi huingia na senti yangu mkononi.

"Weye," nyanya aliniambia, "ukipewa ufunguo wa pepo, utauliza kwanza kama hakuna mwengine anayeuhitaji zaidi."

Mwaka ule nguo zilipotea. Maduka ya kisiwani, ng'ambo ya daraja, yalibaki na mbao tupu za rafu, na bafta ikawa haipatikani ila kwa kibali, na kibali hakipatikani ila kwa kujuana. Ndipo akafa mke wa tajiri.

Tajiri huyu alikuwa na minazi kuanzia kwetu mpaka Magogoni, na duka la vyakula. Alisifika kwa sadaka. Kila Ijumaa maskini walijipanga mbele ya baraza yake, naye akatoa kwa mkono wake mwenyewe, na kila aliyepokea alitakiwa kumwombea dua kwa sauti. Aliyeomba kwa unyonge alirudishwa aanze upya.

Mkewe alifariki ghafla, Jumapili asubuhi, kwenye joto la kaskazi. Ilibidi azikwe kabla ya alasiri. Nyumba ile kubwa haikuwa na sanda, kwa kuwa marehemu aliogopa hata kuiona. Mtu alitumwa kuvuka daraja kwenda kisiwani, akarudi mikono mitupu. Ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa.

Mwosha maiti alikuja kwetu bila kupiga hodi. Alimjua kila mwanamke mtaani, na kila kasha.

"Shoga, nipe bafta," alimwambia nyanya. "Niliiona Shaabani."

"Leo unaniosha mimi?"

"Namwosha mwenye nyumba kubwa. Yuko kitandani, na jua linapanda."

Nyuma yake alisimama dada wa tajiri, leso puani, maana uani kwetu palikuwa pameanikwa papa. Alisema, "Tutairudisha, bibi. Ndugu yangu hakai na kitu cha mtu."

Nyanya alikohoa kwanza. Kikohozi kile alikuwa nacho tangu mvua za mchoo. Kisha akafungua kasha.

"Sanda haikopeshwi," alisema. Kwetu watu huamini kwamba aliyekopesha sanda, siku inaporudi nyumbani ndiyo siku yake ya kufa. "Nimeitoa sadaka. Nendeni, msimcheleweshe."

Baadaye mwosha alirudi na kipande kilichobaki, kwa kuwa marehemu alikuwa mfupi. Nyanya alikikunja akakirudisha kashani, peke yake na karafuu maiti. Usiku hakula. Nilimwuliza kama anajuta.

"Ningejuta vipi? Ningemwacha azikwe na nini, pazia?" Kisha akasema, polepole: "Lakini watakumbuka. Watu wenye vitu hukumbuka."

Arubaini ilipopita, tajiri aliniita. Alikuwa amekonda. Kahawa ilipoa mbele yake na hakuigusa, na wazee waliokaa naye barazani walinyamaza kila aliponyamaza. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akimkosa mkewe waziwazi kiasi kile, na ilinivuruga, kwani nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumchukia.

"Karibu, msomi," alisema. "Nataka kumtolea mke wangu sadaka ambayo haitasahauliwa. Wewe umesoma. Niambie nitoe wapi."

Kichwa changu kilikuwa kimejaa. Nilimwambia kwanza juu ya paa la madrasa, kwamba makuti yameoza na watoto wananyeshewa.

"Mwalimu wao alinipita njiani bila salamu. Na anyeshewe."

"Basi kisima cha Magogoni. Kimeziba, na—"

"Wachote na wasioswali? Mke wangu apate thawabu kwa maji ya walevi?"

"Kuna mayatima."

"Mayatima hukua. Nililea mmoja, sasa ana duka linatazamana na langu."

Wazee walicheka. Mmoja akasema, "Mpe duka la kwake huyu kijana, ndiye yatima mkubwa kuliko wote," wakacheka tena.

Nikasema sanda. Nilieleza kwamba wazee wanakufa na bafta hakuna, kwamba heshima ya mtu ya mwisho ni ile nguo, na kwamba yeye ndiye anayejuana na watu wa vibali. Nilizunguka sana. Nilichotaka kusema kilikuwa kifupi, na nilikitangulizia maneno mengi kama bwana harusi anayeogopa kuingia ndani. Mwishowe nikasema, "Na nyanya yangu ile yake—"

"Nyanya yako alitoa sadaka, Mungu amlipe," tajiri alinikata. "Nikimrudishia, nitakuwa nimeifuta thawabu yake. Au huko kwenu hamkufundishwa hesabu za akhera? Unataka nimwibie bibi wa watu?"

Nilianza kuligeuza neno hilo kichwani nitafute lilipopasuka. Nilikuwa bado nalitafuta aliposema, "Lakini wazo lako zuri. Ijumaa nitatoa sanda kwa wazee maskini, hapa hapa, mbele ya watu. Naye aje, apange mstari kama wenzake. Apokee kama maskini, hapo hakuna wa kufutiwa kitu."

Nilipomweleza nyanya, alikuwa amelala ubavu, na pumzi yake ilikuwa na mluzi ndani.

"Umekwenda kuniombea," alisema.

"Sikukuombea, nyanya. Nilipendekeza tu, kwa jumla, kwamba wazee—"

"Alaa! Kumbe kuombaomba nako kuna elimu yake." Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Alipotulia akasema nimletee kasha. Alitoa kile kipande cha bafta, akakipima kwa vidole, akatafuta sindano. Uzi haukuwepo madukani. Aliufumua kwenye gunia la unga.

Ijumaa mstari ulitoka barazani mpaka kwenye mfenesi wa jirani. Tajiri alikaa juu ya mkeka, bafta imekatwa na kupangwa kando yake. Mzee mmoja Mgiriama na mkewe, Wakristo waliokuwa wakilima kwenye shamba lake, walikuwa mbele yetu. Dada wa tajiri aliwatoa.

"Nyie nendeni kanisani mkapewe mbao za jeneza."

"Nguo ni nguo, mama," yule mzee alisema. "Sisi nasi hatuziki wafu uchi."

"Basi mtavalishwa na padri wenu." Watu wakacheka, na wale wawili wakatoka mstarini wakishikana mikono. Hakuna aliyewatazama, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akihesabu bafta iliyobaki.

Zamu ya nyanya ilipofika, tajiri alimtazama kwa muda. Nadhani alijiona amefanya jambo jema. Alinyanyua bafta.

"Haya, bibi. Mwombee mke wangu."

"Mkeo nimeshamwombea, tena kwetu, hakuna aliyenisikia," nyanya alisema. Alitoa kofia chini ya buibui. Ilikuwa nyeupe, ya viua, ndogo kidogo, kwani kitambaa hakikutosha. "Nimekuja kununua. Hii ni kazi ya mkono wangu. Nipe bafta, chukua kofia."

Mtu nyuma yetu akapiga kelele: "Bibi wee, hapa si sokoni!" Mwengine akasema, "Mwacheni, ametuletea biashara matangani." Kicheko kikapita mstari mzima, kikafika mfenesini na kurudi. Waliocheka zaidi ni wale waliokwisha kupokea.

"Sadaka haiuzwi," tajiri alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Ukiitaka, nyosha mkono kama wenzako. Huitaki, pisha mwengine."

Nyanya alisimama pale akihema. Nilikuwa nyuma yake nikifikiri: akinyosha mkono, atazikwa kama babu, asiponyosha, atazikwa na nini? Nilitaka kumwambia apokee. Nilitaka pia kumwambia asipokee. Yeye hakuniuliza. Aliinama, akaiweka kofia juu ya mkeka, karibu na goti la tajiri.

"Basi nayo ni sadaka," alisema. "Usinirudishie, utanifutia thawabu. Kitambaa chake ni masalio ya cha mkeo."

Nyanya aligeuka, mikono mitupu, nami nikamfuata. Tulipofika kona nilitazama nyuma, na alikuwa bado anaitazama ile kofia kana kwamba ni mnyama aliyelala mkekani mwake.

Nyumbani nyanya hakunyanyuka tena sana. Siku moja aliniambia, "Yale mashuka yako. Niuzie."

Nilimwambia nitampa. Alinitolea macho. Nikasema sawa, ninauza, lakini kuna jambo lilikuwa likinisumbua, na nikalisema: nilisoma kwa msaada wa serikali, na mashuka yale yalinunuliwa kwa pesa hizo. Kwa hiyo pengine hata hayo, ukiyachunguza asili yake—

"Serikali imenitoza kodi ya nyumba tangu babu yako yuko hai," alisema. "Mashuka hayo ni yangu zamani. Lakini nitakulipa, usije ukasema." Alitoa kashani kofia nyengine, ya zamani, nzuri kuliko zote alizowahi kushona. "Hii nilikuwekea harusi yako. Nilitaka kukupa. Sasa umeinunua."

Alifariki masika yalipoanza. Mwosha alikuja, akayapasua mashuka vipande vya sanda ya mwanamke bila kuuliza kitu. Kabla hajamaliza, dada wa tajiri akaingia na bafta mpya mikononi, akasema ndugu yake ameileta, na watu nje wameshaambiwa.

"Rudi nayo," mwosha alimwambia. "Ameshavaa."

Dada wa tajiri aliinama akashika pembe ya shuka. Palikuwa na alama ya wino mweusi, namba yangu ya chuoni, ambayo dobi wa kule alitutilia. "Hii ina maandishi," alisema kwa mshtuko. "Mtamzika na maandishi?"

"Malaika wanajua kusoma. Nipishe."

Basi alizikwa kama alivyotaka. Hakuna aliyemvika ila yeye mwenyewe. Nilisimama kaburini na kofia yangu ya harusi kichwani, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa nafikiri kitu.

Siku ya hitima nilifika uani nikakuta sufuria kubwa za wali jikoni, mchele mweupe ambao hapakuwa na mtu mtaani kwetu aliyeweza kuupata mwaka ule. Niliuliza umetoka wapi. Mwanamke aliyekuwa akikoroga alinitazama kama mjinga. "Wa tajiri. Ungetulisha weye?" Ulikuwa umeshaiva. Watu walikuwa wameshanawa mikono. Nyanya alifikiria kila kitu isipokuwa wali.

Tajiri alikaa katikati ya mkeka, amevaa kofia ya nyanya. Hata leo sijui kama aliivaa kwa ajili ya mkewe au kwa ajili ya kutukomoa, na nimelifikiria sana. Ilikuwa ndogo. Ilimbana, na aliponiita kando aliivua, nikaona mstari mwekundu umemzunguka kipaji cha uso.

"Nyanya yako alikuwa na kiburi," aliniambia taratibu, akiigeuza kofia mikononi. "Lakini mkono alikuwa nao. Nani sasa atanishonea inayonikaa?"

Alisubiri nimjibu. Nilikuwa na majibu kadhaa, na nikaanza kuyapanga, lipi litangulie, lipi litamwumiza bila kumdhalilisha marehemu mbele ya watu wanaokula. Kabla sijachagua walimwita aje aongoze dua. Akaivaa tena, akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikaingia. Nyuma yangu niliwasikia wanawake wakipakua, na mmoja akimwambia mwenziwe kwamba matanga haya, wallahi, yamesitiriwa.